Doubleur ya Mara Mbili na Umusambi wa Nkungu

Jumatatu, 15 Januari

Nashukuru nimeamka mzima. Nashukuru zaidi kwamba habari imenifikia kabla ya chai. Madame Larissa, meneja wa ile hoteli mpya ya ufukweni, anatafuta picha moja kubwa ya kutundika ukumbini. Si picha yoyote. Anataka umusambi, yule korongo mwenye taji la dhahabu kichwani, akiwa na vifaranga vyake. Atakayeileta ndiye atakayepiga picha za arusi zote za hoteli mwaka mzima.

Arusi zote! Studio yangu hapa Kamembe haijaona arusi tangu Ramadhani. Watu wanajipiga wenyewe kwa simu, hata picha za paspoti. Shemeji ameshaniambia mara mbili kwamba dukani kwake kuna nafasi ya muuza ndala.

Bahati mbaya Fabien naye amesikia. Fabien ana studio ng'ambo ya barabara, ana kizibao cha mifuko kumi na miwili, na ana tabia ya kunisalimia vizuri. Simwamini.

Kiota nakijua. Kiko kinamasini, chini ya shamba la Maman Mukamurenzi, kule Nkungu. Nimekwenda leo leo kwa moto, pikipiki ya abiria. Maman Mukamurenzi analima mihogo, na wale ndege anawalinda kama wajukuu. Ameniruhusu kwa sharti moja.

"Papa Ridhwani, mwisho wako ni huu mustari wa mihogo. Ukiupita, bale ndege banakimbia, mayai yanapoa. Batoto batatoka wiki hii."

Nimeapa. Kisha nikachungulia kwa lenzi yangu ya milimita mia tatu, niliyorithi kwa marehemu mjomba. Umusambi alionekana kama njiti ya kiberiti. Nahitaji doubleur, kile kipande kinachokaa kati ya kamera na lenzi ili lenzi iwe ndefu zaidi.

Jumanne, 16 Januari

Nimevuka daraja la Rusizi II hadi Bukavu, kwa Christelle, anayeuza vifaa vya kamera vilivyotumika. Mwanamke mwema. Alikuwa na doubleur mbili mezani. Ndogo ni ya moja virgule nne, yaani moja nukta nne, inaongeza urefu karibu nusu. Kubwa ni ya mara mbili. Jina lenyewe linasema!

Christelle akaniruhusu kujaribu zote kwenye baraza yake. Kwa ndogo niliona shati lililoanikwa nyumba ya tano, safi kabisa. Kwa kubwa niliona vifungo vya shati. Vilikuwa na ukungu kidogo, lakini nilikuwa sijala.

"Papa, kamata hii ya kidogo," Christelle akasema. "Ile kubwa inakulaka mwangaza. Na kwa lenzi yako, kamera haitashika kitu yenyewe."

Nikamtazama vizuri. Kwa nini muuzaji amkataze mteja kitu kikubwa? Jibu nililiona papo hapo: kubwa amemwekea Fabien. Nikatoa flashi yangu ya akiba na taa mbili za studio, tukabadilishana. Nikaondoka na ya mara mbili.

Jioni nikavuka barabara kwa Fabien na uso wa msiba. Nikamwambia, kama ndugu, kwamba wataalamu wote wanatumia ya moja virgule nne, na kwamba Christelle bado anayo moja. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Aksanti sana, kaka Ridhwani. Bantu kama wewe ni bachache."

Ni kweli. Nilicheka peke yangu hadi nyumbani Gihundwe. Namshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Jumatano, 17 Januari

Nkungu tangu alfajiri. Umusambi amekuwa mkubwa mara mbili kwenye kioo cha kamera! Taji, shavu jeupe, hata jicho. Nilipiga kelele ya furaha. Maman Mukamurenzi akaniambia ninyamaze.

Kisha matatizo madogo. Kioo kilikuwa na giza, kama nimevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Lenzi ikaanza kumtafuta ndege ili picha iwe kali: inakwenda mbele, inarudi nyuma, inanguruma, haishiki. Ikatafuta saa nzima. Ndege akageuza shingo, akajikuna, akasimama, akalalia mayai tena. Lenzi bado inatafuta.

Saa mbili Fabien akafika; kumbe kiota naye anakijua, na Maman Mukamurenzi amemruhusu. Ana lenzi ndefu sawa na yangu, na doubleur ndogo niliyomchagulia mimi mwenyewe. Akaketi kando yangu, akanimiminia chai ya maziwa kutoka kwenye termosi yake. Akaelekeza kamera. Tii! Imeshika. Tii! Tena. Akageuka, akanishukuru upya.

Chai ilikuwa nzuri, lazima niseme. Nashukuru kwa chai.

Alhamisi, 18 Januari

Nimeelewa kosa. Si doubleur, ni upepo. Lenzi ikirefuka, kila mtetemo nao unarefuka. Mke wangu Zulaikha amenipa mfuko wa maharage niulaze juu ya lenzi itulie. Mke wa namna hii hapatikani dukani. Nimezima lenzi isijitafutie, nikaizungusha kwa mkono, nikapiga picha mia nne.

Nyumbani tukaziangalia pamoja. Majani ya kinamasi yametoka vizuri ajabu. Unaweza kuhesabu mishipa ya kila jani. Nyuma ya majani kuna kitu cha manjano. Zulaikha aliitazama picha kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama ile ni taa. Nikasema ni umusambi. Akasema basi ni umusambi mwenye homa. Akaongeza kwamba arudishiwe maharage kesho, ni ya Jumapili.

Ijumaa, 19 Januari

Niandike ukweli, hata kama naona haya.

Baada ya sala nilikwenda Nkungu na mpango. Kama lenzi haiwezi kwenda kwa ndege, mwenye lenzi ataweza. Maman Mukamurenzi alikuwa juu kilimani, Fabien anafuta vioo vyake. Nikajifunika majani makavu ya migomba, nikalala kifudifudi, nikaupita mstari wa mihogo. Nikatambaa hatua ishirini. Thelathini. Nilijiona mimi ni mgomba kamili.

Dume hakuniona mgomba. Akatokea pembeni, mabawa wazi, mapana kuliko mlango wa studio, akanijia mbio huku akipiga kelele. Niliruka. Ardhi haikuwepo. Nikazama hadi kifuani, kamera juu ya kichwa kama mtungi. Na jike akaruka kutoka kiotani, akaenda zake ng'ambo ya bonde.

Maman Mukamurenzi alinivuta kwa mpini wa jembe. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Uliapa," alisema. "Mayai mawili, mwezi muzima mama yao ananyeshewa juu yao. Ona sasa."

Tukaona. Mayai mawili peke yao kwenye baridi, na mawingu yanakuja. Nikasahau arusi. Nikasahau Madame Larissa. Niliomba Mungu kwa maneno ambayo sijawahi kuyatumia hata kwa ajili yangu. Fabien akavua koti lake akanifunika. Tulirudi nyuma hadi mihogoni, tukakaa chini, sisi watatu, tukitazama kiota.

Ilichukua muda mrefu. Kisha jike akatua, akatazama huku na huku, akatembea taratibu na miguu yake mirefu, akainua yai moja kidogo kwa mdomo, akaligeuza, akayalalia.

Nililia. Fabien alisema ni moshi wa jikoni. Hapakuwa na jiko karibu. Namshukuru kwa hilo pia.

Maman Mukamurenzi aliniambia nisirudi. Fabien akamwomba kwa ajili yangu, kwa Kinyarwanda cha heshima kuliko changu. Mwishowe mama yule akasema nirudi, lakini mguu wangu mmoja utafungwa kwenye muhogo. Nilidhani ni mzaha.

Jumamosi, 20 Januari

Haukuwa mzaha. Alinifunga kwa kamba ya mbuzi.

Na vifaranga vimetoka! Viwili, rangi ya mkate, miguu inapigana. Doubleur yangu ilianza kunguruma. Fabien alikuwa ameshapiga zake. Akachomoa kipande chake kidogo, akaninyooshea.

Hapo nikashindwa. Nikamwambia yote: kwamba nilimdanganya, kwamba nilitaka achukue kibaya. Akacheka hadi akakaa chini. Akasema Christelle alimsimulia jinsi nilivyoikataa ndogo, siku ile ile alipokwenda kuinunua. Akasema lakini ushauri ulikuwa mzuri, na ushauri mzuri hauulizwi umetoka kwa nani.

Nikafunga ile ndogo. Tii! Mwangaza ukarudi kama pazia limefunguliwa. Kifaranga kimoja kilitoa kichwa chini ya bawa la mama yake, kikatazama moja kwa moja kwenye lenzi. Nikapiga. Mara moja tu ilitosha. Nikampa Maman Mukamurenzi aangalie. Aliangalia, akanifungua kamba.

Jumatatu, 22 Januari

Madame Larissa amechagua picha ya Fabien kwa ukumbi. Ni pana, bonde lote limo, inafaa ukuta. Yangu, ya kifaranga, ameomba iwekwe mahali pa kupokelea wageni, kwa sababu, alisema, kila anayeiona anatabasamu kabla hajauliza chumba. Arusi amepewa Fabien. Fabien akasema papo hapo kwamba arusi inahitaji wapiga picha wawili, na kwamba wa pili ni mimi.

Nilitoka nje nikasimama nikitazama ziwa. Shemeji atatafuta muuza ndala mwingine. Nimemchapia Maman Mukamurenzi nakala kubwa, nimemwekea fremu nzuri niliyokuwa nayo. Zulaikha amepika pilau kwa wote. Sina cha kulalamikia duniani.

Jumanne, 23 Januari

Wote wamenishauri kitu kimoja: Fabien, Zulaikha, hata Maman Mukamurenzi kwa simu. Niirudishe ya mara mbili kwa Christelle, anibadilishie na nyingine ndogo. Hawajakosea. Mtu lazima ajifunze. Nimevuka asubuhi na roho nyeupe.

Christelle alifurahi kuniona. Ya moja virgule nne alikuwa nayo nyingine, tayari, kwenye kiboksi chake. Akaifungua. Nikaishika. Nzuri, nyepesi.

Lakini kando yake kulikuwa na kingine, kirefu, cheusi, kimefika jana kutoka Goma. Nikauliza ni nini. Christelle hakutaka kusema. Nikauliza tena.

Ni ya mara tatu.

Nimeshaifunga kwenye lenzi. Kutoka dirishani hapa Gihundwe naona giza tu, lakini ni giza la mbali sana. Jioni nimepita kwa Fabien nikamwambia, kama ndugu, kwamba yeye abaki na ile yake ndogo. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.