Miche Thelathini na Sita Juu ya Kabati

Jumatatu, 6 Mei. Mawingu, manyunyu, baridi ya kuvaa soksi.

Miche ya nyanya: thelathini na sita, kila mmoja kwenye kikombe chake juu ya kabati. Iliyosimama: yote, ila kama watu waliokesha msibani. Mirefu, myembamba, imeinamia dirisha. Nimeipima kwa rula. Namba 14 ina sentimita kumi na mbili na majani manne tu! Dalili nzuri. Inakua haraka.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha bustani ametangaza. Yako matuta mawili karibu na bomba. Jumamosi ya wiki ijayo, mwenye miche ishirini hai atapata mojawapo. Asiye nayo ataenda kule juu ukutani, mbali na maji. Mwaka jana kule juu nilikuwa mimi. Ndoo kichwani msimu mzima. Shingo haijasahau.

Tuta moja wifi yangu ameshaliita lake. Ni dada wa mume wangu, anakaa mlango wa tatu. Inasemekana miche yake ina mashina kama vidole gumba. Inasemekana na yeye mwenyewe.

Jumanne, 7 Mei. Jua kali tangu saa moja.

Majani ya chini yamekuwa manjano. Mimi ni karani wa masjala, sikurupuki. Nimefungulia kila mche ukurasa wake. Uamuzi: njaa. Mbolea, kijiko kizima kila kikombe. Maji asubuhi na jioni, kwa saa. Ratiba ni ratiba.

Kuhusu kuinama: kila mche nimeufunga kwa uzi kwenye kijiti cha ufagio. Mume wangu kauliza kama hii ni bustani au wodi ya majeruhi, na kwa nini ufagio umeota upara. Nikafunga mche uliofuata.

Alhamisi, 9 Mei. Upepo, vumbi.

Namba 3, 9 na 14 zimelala. Shina limelegea pale linapotoka udongoni. Udongo una ukungu na unanuka kama kitambaa cha kudekia.

Mpango: upelelezi. Nimezunguka nyuma kwa wifi, nikapanda juu ya tofali, nikachungulia dirishani. Kanikuta. Nikasema natafuta kuku wangu. Akasema, "Wifi, wewe huna kuku." Nikamwambia ndiyo maana namtafuta.

Kanikaribisha chai! Kaeleza yote bila kuombwa. Vikombe vitobolewe chini. Nisimwagilie mpaka nichomeke kidole na kukuta udongo mkavu. Mbolea iachwe kwanza. Miche itolewe nje, izoeshwe jua kidogo kidogo. Eti hata yake ilianza hivyo hivyo.

Nimerudi nikiwaza. Mshindani gani anatoa siri bure? Akufukuzaye hakwambii toka. Basi ukweli ni kinyume chake. Nimeongeza maji. Nimefunga pazia. Na kutoboa haiwezekani: kabati ni la mama mkwe, kaliacha kwetu kama amana. Maji yakilimwagikia, nitahamia kule juu ukutani na kitanda changu.

Jumamosi, 11 Mei. Mvua hadi saa nne.

Imebaki ishirini na tatu. Nimehesabu mara mbili, nikakaa kitandani. Nikaiona ile ndoo. Nikalia kidogo, si sana.

Mama mkwe kaja kuchukua shuka zake. Kaona duara jeupe la unyevu juu ya kabati.  Kisha akauliza, "Mwanangu, hapa unafuga miche au vyura?" Kachoma msumari motoni, katoboa vikombe vyote kwa mkono wake, kavipanga barazani. Maji kayapiga marufuku hadi atakapoamua yeye. Kasema anakaa wiki nzima. Mkwe habishiwi. Nimeandika daftarini: maafa.

Jumatano, 15 Mei. Jua la upole.

Ishirini kamili. Kila asubuhi mama mkwe anachomeka kidole udongoni, anaguna, kisha anasogeza vikombe hatua moja kuelekea juani. Na leo, majani mapya! Ya kijani hasa! Mashina yamenenepa, yana vinyweleo kama mikono ya mume wangu.

Nimepitia kumbukumbu zote, nimepata chanzo cha kupona. Vijiti vya ufagio. Vilihitaji muda tu.

Jumamosi, 18 Mei. Anga nyeupe, joto mapema.

Siku yenyewe. Alfajiri nimekaza uzi wa namba 22 isimame wima mbele ya mwenyekiti. Ikakatika.

Kumi na tisa! Mwenyekiti kahesabu. Nikamwomba arudie. Kumi na tisa. Macho yangu yalishapanda kule juu ukutani. Hapo wifi akapita, akaweka mche wake mmoja kwenye sinia langu la vikombe, akamwambia mwenyekiti avae miwani, huo si umri wa kuhesabu kwa kubahatisha. Mwenyekiti akacheka sana. Akaandika ishirini.

Tuta la bombani! Wifi kushoto, mimi kulia. Tunaweza kupeana sabuni ya kunawia bila kunyanyuka. Nimemkumbatia. Nilitaka kusema asante, nikajikuta nimesema shina la mche wake ni jembamba kidogo. Alicheka mpaka akakaa chini.

Wakati wa kuagana kanishauri nisihamishe miche mchana. Ningoje jua lishuke, udongo upoe, la sivyo itanyauka yote. Alirudia mara mbili. Mara mbili! Mtu hasisitizi hivyo bila sababu.

Kesho napanda saa sita kamili, jua likiwa utosini. Sijamwambia mtu. Naingia kulala saa tatu na robo, moyo mweupe kabisa.