Kuanguka kwa Grumsa na Mambo Yaliyonizuia Kuteuliwa

Jumatatu, tarehe 2 Machi

Nimeanza shajara hii kwa kuwa watu wa baadaye watataka kujua mambo yalianzaje. Maktaba ya mtaani kwetu itafungua chumba cha michezo ya mezani, ile ya kuigiza wahusika wa kubuni kwa dadu na karatasi, na itaajiri mtu mmoja wa kukisimamia kwa mwaka mzima. Mkuu wa maktaba, Marit Sandelin, ametamka kwamba atampokea yeyote atakayeteuliwa na chama chetu cha wachezaji. Uteuzi utafanyika kwenye mkutano mkuu, Jumapili ya tarehe 15. Siku kumi na tatu!

Kazi yangu ya sasa ni kuisimamia mashine inayopokea chupa tupu dukani. Mashine hainihitaji. Nilitunukiwa shahada ya uzamili mwezi Juni. Tasnifu yangu, kurasa tisini na nne, ilichunguza mbari za kubuni katika michezo hii: Waelfi warefu wa misituni wanaoishi miaka elfu, vibeti wa migodini wenye ndevu na mashoka, mazimwi, na machotara wao. Msimamizi wangu aliieleza kwa neno moja: ndefu. Nililipokea kama sifa.

Wakati wenyewe umewiva. Kampuni moja ya ng'ambo ichapishayo vitabu vya kanuni za michezo hii imetangaza kwamba toleo jipya halitakuwa na neno "mbari", wala halitasema kwamba kila zimwi ni mjinga tangu kuzaliwa. Redio inalijadili jambo hilo baada ya habari za theluji na reli. Isitoshe, kuna tamthilia mpya ya televisheni ambamo wanawake wa vibeti hawana ndevu, na nchi nzima imekasirika, nusu upande huu, nusu upande ule. Umma unahitaji mtaalamu. Mtaalamu yuko dukani, anachomoa chupa iliyokwama.

Jumatano, tarehe 4 Machi

Jana nilianza. Niliwasomea wanachama waraka wangu wa kurasa tisa, wenye kudai kwamba chama kiachane na mbari za zamani. Nilijiandaa kwa upinzani mkali. Nilikuwa na majibu ya hoja ishirini na mbili.

Hapakuwa na hoja hata moja. Mwenyekiti wetu, Tage Lindroth, fundi wa makufuli ambaye pia ndiye msimulizi wa mchezo, alisubiri kwa adabu hadi ukurasa wa tano, kisha akaniarifu kwamba jambo hilo walilipitisha mwezi Oktoba. Lilichukua dakika tatu, kati ya kahawa na keki za mdalasini. Limo kwenye kumbukumbu. Mimi sikuwapo, nilikuwa na mafua. Oktoba! Nimevunja mlango uliokuwa wazi, tena kwa kurasa tisa.

Gun-Britt Öhrn aliuliza kama ukurasa wa nne una kazi tena, maana birika la kahawa linachoma meza. Gun-Britt ana miaka sabini na mmoja. Aliendesha tramu, treni ndogo za njano zipitazo barabarani mjini Norrköping, kwa miaka thelathini na minne, na bado humtazama kila mtu kama abiria anayekaribia kuteremka kituo kisicho chake. Mhusika wake ni chotara wa zimwi aitwaye Grumsa. Tage akamtania kwamba, kwa kanuni mpya, Grumsa anaruhusiwa kuwa na akili. Gun-Britt akajibu kwamba Grumsa alikuwa na akili siku zote, ila hakuna aliyemuuliza kitu.

Walicheka kwa muda mrefu. Katika kurasa zangu tisa hakuna aliyecheka.

Niandike hapa desturi moja ya chama. Anayetaka kusema kama yeye mwenyewe huweka kiganja juu ya kichwa. Asipoweka, aliyesema ni mhusika wake, na hakuna kurudi nyuma. Jana Lisbet wa duka la maua aliomba maziwa bila kuweka mkono. Kwa hiyo kibeti wake aliomba maziwa katikati ya pango la adui, na adui wakaamka. Tulipambana nao saa nzima.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Gazeti la mkoa! Alhamisi niliwaandikia kuwajulisha kwamba mtaalamu wa mbari za kubuni anaishi miongoni mwa wasomaji wao. Ijumaa wakamtuma mwandishi na mpiga picha. Nilivaa koti la mahafali na masikio ya Kielfi ya mpira. Nilizungumza dakika hamsini. Mwandishi aliandika sana mwanzoni.

Leo limetoka. Picha ni ya Gun-Britt, uso kaupaka rangi ya kijani, ameshika kikombe. Kichwa cha habari kinasema kwamba bibi huyu huvunja milango kila Jumanne. Ametamka sentensi moja tu: kwamba zimwi ni mtu ambaye wengine wamesimulia habari zake kabla hajafika. Sentensi hiyo imekolezwa wino na kuzungushiwa mstari. Mimi nimo mwishoni: "mshiriki mwingine, mwenye masikio".

Marit Sandelin ameikata habari hiyo na kuibandika kwenye mlango wa maktaba. Nilipita kuhakikisha. Nikapita tena.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Hali ni mbaya kuliko nilivyodhani. Leo mezani Lisbet alisema wazi, mkono kichwani, kwamba mtu wa kwenda maktaba ni Gun-Britt, nani mwingine? Gun-Britt akasema acheni utani, mimi nimeshastaafu. Lakini alikuwa amekaa wima zaidi. Akaongeza polepole kwamba kinachomsumbua ni asubuhi. Zamani watu mia nne walimwambia habari za asubuhi kabla ya saa tatu. Siku hizi ni redio peke yake, nayo haisubiri jibu.

Nilisoma katiba ya chama nikiwa basini. Kifungu cha saba! Anayeteuliwa kwa jambo lolote sharti awe na mhusika aliye hai mezani. Tage alikiweka zamani ili watu wasiojitokeza mchezoni wasije siku ya kura tu. Ina maana kwamba Grumsa akifa kabla ya uteuzi, Gun-Britt hateuliki. Silo kosa langu. Mimi sikuiandika katiba.

Kuna kikwazo kimoja, nacho ni cha hisia. Wakati wa kahawa Lisbet alininong'oneza kwamba Grumsa aliundwa na marehemu Rune, mume wa Gun-Britt. Baada ya mazishi, Gun-Britt alikuja kurudisha dadu za chama. Akaulizwa kama angependa kuketi kidogo. Hiyo ni miaka kumi na tisa iliyopita. Karatasi ya Grumsa bado ni ile ile, maandishi ya Rune ya penseli, yamefutwa na kuandikwa upya mpaka karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Nimelitafakari jambo hilo kwa uzito unaostahili. Takriban vituo vitatu vya basi.

Alhamisi, tarehe 12 Machi

Mpango umekamilika. Jumapili tutacheza asubuhi, kisha mkutano. Msafara wetu utavuka daraja la kamba juu ya korongo. Mwelfi wangu, Balozi Aurendil wa Majani Saba, ndiye mpelelezi, kwa hiyo atalifikia daraja kwanza. Kanuni zinaruhusu mchezaji kumpa msimulizi kikaratasi cha siri. Nitaandika: Aurendil amelegeza kamba ya kushoto. Grumsa ndiye mzito kuliko wote. Nimechora michoro minne, mmoja ukionyesha mzigo kwa kila fundo. Hata wahandisi wangeuheshimu.

Dukani bosi aliniuliza kwa nini nachora madaraja nyuma ya karatasi za chupa zilizovunjika. Nilimjibu kwamba ni suala la ajira.

Jumapili, tarehe 15 Machi

Nitaandika kwa utulivu.

Saa nne asubuhi nilimpa Tage kikaratasi. Alikisoma, akanitazama kwa muda mrefu, akakikunja mara mbili na kukitia mfuko wa shati. Kisheria hawezi kusema neno.

Grumsa akakanyaga daraja wa kwanza. Gun-Britt akarusha dadu ya pande ishirini. Ishirini, hakuna zaidi! Akavuka akipiga mluzi. Kibeti wa Lisbet naye akavuka. Ikabaki zamu ya Aurendil, mwepesi kama unyoya, ambaye hakuna mchoro wangu uliomshughulikia. Nikarusha dadu. Moja.

Kamba ya kushoto ikaachia. Nilikuwa nikiangukia korongoni mbele ya wanachama wote. Hapo Gun-Britt, bila hata kufikiri, akasema kwamba Grumsa anarudi mbio, anaikamata kamba kwa mkono mmoja na kumrusha Mwelfi ng'ambo kwa mkono mwingine. Tage alimwonya kwamba daraja halitawabeba wote wawili. Gun-Britt akasema, najua, mzee, hesabu ya uzito naijua, nimeendesha tramu. Akarusha dadu. Mbili.

Mwelfi akatua salama ng'ambo; Grumsa akaanguka pamoja na daraja. Gun-Britt aliichukua ile karatasi nyembamba, akaisawazisha kwa kiganja, akachora msalaba mdogo kwenye pembe, chini ya maandishi ya Rune. Lisbet alilia waziwazi. Tage akavua miwani. Halafu mtu akasema kwamba dadu hazina huruma. Mwingine akasema ndiyo, ni bahati mbaya tupu.

Bahati! Siku tatu za kazi! Mafundo yaliyopimwa! Sikuweza kuvumilia. Nilisimama nikawaeleza kwamba si bahati hata kidogo, kwamba mimi ndiye niliyeilegeza kamba ile, kwa makusudi, na nikaitandaza michoro yote minne. Ilitaka kujikunja, kwa hiyo niliishikilia kwa mikono miwili. Mikono yote miwili. Juu ya meza.

Tage alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatangaza, kwa sauti ya msimulizi, kwamba Balozi Aurendil amekiri kosa lake mbele ya msafara.

Nilikiweka kiganja kichwani mara moja, lakini desturi ni desturi. Kibeti wa Lisbet aliitisha hukumu palepale ukingoni. Gun-Britt aliombwa maoni yake kama mfiwa. Aliweka mkono kichwani na kusema kwamba Alrik, yaani mimi, ni kijana mzuri, mwongezeeni keki, hajala. Kisha akauondoa mkono, ingawa hakuwa na mhusika tena, akasema kwa sauti nzito ya Grumsa: huyo Mwelfi, mrusheni.

Wakamrusha korongoni. Kura zote.

Hata hivyo sikukata tamaa, kwani kifungu cha saba hakimzuii mtu kuunda mhusika mpya. Kulikuwa na mapumziko ya dakika arobaini kabla ya uteuzi. Niliketi nikaanza kuunda Mwelfi mwingine, kwa njia sahihi, kuanzia ukoo wa bibi yake mzaa baba. Upande wa pili wa meza Gun-Britt aliomba penseli. Nilisoma karatasi yake kichwa chini. Ilikuwa na mistari miwili: "Binti wa Grumsa. Ana njaa." Akaenda kuosha vikombe.

Tage alipoita uteuzi nilikuwa bado kwenye kizazi cha nne cha ukoo. Mwelfi wangu alikuwa hajazaliwa. Kwa hiyo sikuteulika. Gun-Britt alipita bila kupingwa. Aliposimama kushukuru hakupata maneno, akainua tu mkono kama dereva anayesalimiana na tramu inayopishana naye. Nilipiga makofi. Inaonekana nilipiga kwa nguvu kuliko wengine, maana Lisbet alinishika bega.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Gun-Britt alinipigia simu leo nikiwa kwenye mashine. Nilitarajia lawama. Nilikuwa nimeandaa utetezi wa sehemu tatu. Badala yake alisema kwamba chumba cha maktaba kinataka kadi za kuwaelezea wageni kila aina ya mhusika, nao ni watu wasiojua chochote, basi nani mwingine ayaandike mambo hayo kama si mimi? Nikasema ningefikiria. Akasema fikiria upesi, kijana, na kila kadi iwe sentensi moja, nakujua wewe. Nikamuuliza kama ananikasirikia. Akasema kwamba Rune daima alihofia Grumsa angekufa kwa uzee, kitandani, jambo ambalo lingekuwa aibu kwa zimwi. Akakata simu.

Nilikaa jikoni nikaanza na kadi ya chotara wa zimwi. Niliandika: "Huyu ndiye aliyerudi darajani."

Nimeitazama sentensi hiyo kwa muda mrefu. Haina hata kosa moja. Lakini pembeni mwa kila kadi kutakuwa na jina la mwandishi, na Marit Sandelin hupita pale kila siku, na kazi ya Gun-Britt ni ya mwaka mmoja tu. Mtu akiona sentensi moja atadhani nina mawazo ya sentensi moja.

Nimeanza kuiongezea utangulizi. Mpaka sasa ni kurasa kumi na mbili.