Mti wa Ndani, Mti wa Nje

Pancha ndiyo iliyomfungulia Sostenes njia. Pikipiki yake ilipata pancha mbele kidogo ya Ikungi, na wakati fundi anahangaika na tairi, yeye alikaa juu ya jiwe akitazama mbuzi wakitafuna vichaka. Mbuzi wa huko hawana mchezo. Kila chipukizi wanalikata, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka mti ambao ungemfunika ng'ombe kivuli unabaki na kimo cha kuku: shina nene lililojikunja, magamba ya kizee, na vijani vichache juu. Mpita njia mwingine angeona kichaka kilichoonewa. Sostenes alikuwa ameona kwenye simu jinsi Wajapani wanavyoitunza miti ya namna hiyo kama mayai na kuiita bonsai. Yeye aliona mahari.

Maana hapo ndipo palipomuuma. Alikuwa anampenda Eliza, binti wa Kintinku aliyekutana naye mnadani akiuza sufuria, na baba yake, Mzee Mazengo, alishasema hataki fedha za kwenye simu. Anataka mbuzi, wenye miguu, zizini kwake. Sostenes alishawapenda wengi kwa mdomo. Huyu alimpenda mpaka chakula kikamshinda, jambo baya kwa tapeli, ambaye kazi yake inataka kichwa kilichotulia.

Akang'oa vichaka kadhaa, akavipanda kwenye mabakuli ya udongo, na kimoja akakipeleka Utemini, Singida mjini, kwa Mama Agripina, mwenye nyumba ya wageni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hicho kichaka unakiingiza wapi na sebule imedekiwa?"

"Si kichaka, mama. Ni bonsai. Umri wake unamzidi bibi yako."

"Unajua bibi yangu alizaliwa lini?"

"Sijui, ila mti unajua."

Mama Agripina aliuzunguka mti. "Mbona haukui?"

"Mama, watu wanalipia usikue! Ungekuwa unakua si ungekuwa mti tu? Kuna hoteli Dodoma wanaitafuta hii kama dhahabu. Unautunza mpaka ushike sura, nakuletea mnunuzi mlangoni. Nilitaka kumpelekea Mwalimu Leonidas, lakini nikasema hapana, heshima kwanza."

Mwalimu Leonidas, mkuu wa shule mstaafu, alikuwa jirani, na Mama Agripina hakuwa mtu wa kuacha jirani atangulie. Uroho ulimpanda usoni waziwazi. Aliuliza bei.

"Hauuzwi kwa fedha. Ukiguswa na fedha unanyauka. Ni mbuzi tu. Na sharti moja: huu ni mti wa ndani. Jua ni adui yake. Unaishi kwa taa hii."

Taa yenyewe ilikuwa ya zambarau, Sostenes aliinunua kwa mtu ambaye disko lake lilikufa. Mbuzi wa Mama Agripina walikuwa kwa kaka yake Ikungi, wakatolewa wiki hiyohiyo. Jioni ya siku ileile ya mapatano Mwalimu Leonidas naye akauziwa wake, na yeye pia akaambiwa kwamba heshima kwanza.

Mapazia ya Mama Agripina yakaanza kung'aa zambarau. Wageni wakauliza kama nyumba imegeuzwa baa. Mti, ambao tangu uzaliwe ulikuwa umezoea jua la Singida na upepo wake, ulikaa chini ya taa ya disko ukadondosha majani moja moja kwa masikitiko, ukabaki vijiti.

Hapo ndipo alipoingia Eliza, kama alivyopanga na Sostenes, koti jeupe, miwani, na sauti ya mtu aliyesomea.

"Mama yangu, nani kakudanganya huu ni wa ndani? Mti ni mti. Hata huko Japani unakaa uani, unakula jua na umande. Ndani ya nyumba mnaunyima pumzi."

Ilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana uongo uliofuata ulimezwa bila maji. Mti ukatolewa nje mchana, na kwa kuwa ulikuwa umeshalainika kwa kukaa gizani, vijani vipya vilivyothubutu kuchomoza viliungua kama chapati ya mwanafunzi. Basi ukahitaji neti maalumu ya kivuli, na dawa ya kutuliza mshtuko. Vyote viwili hulipiwa kwa mbuzi. Neti ilikuwa neti ya mbu.

Mwalimu Leonidas aligoma kutoa wake nje. Alisema amesoma, haambiwi na mwanamke mwenye koti. Akaongezewa taa ya pili. Ugomvi ukatoka uani ukaingia kanisani: waliokwisha kununua miti wakagawanyika, wa Ndani na wa Nje, hata kwaya ikaacha kuimba sauti moja. Na Sostenes, mtu wa watu, aliuzia pande zote mbili.

Kila mbuzi walipokuwa wa kutosha, Eliza alikodi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, akawapeleka Kintinku, na Sostenes akafuata kwa pikipiki pamoja na mshenga wake, Enock fundi cherehani. Mzee Mazengo aliwapokea kwenye kigoda, fimbo mkononi.

Mbuzi wa kwanza, akasema, ni wa kubisha hodi. Sostenes alidhani ndio mahari. Kundi la pili likawa kifungua mdomo, kwa sababu wazee hawawezi kuzungumza mahari midomo ikiwa imefungwa. La tatu likawa blanketi la bibi.

"Bibi mwenyewe yuko wapi tumsalimie?" Enock aliuliza.

"Ndani," mzee akajibu. "Macho yake hayataki jua."

Njiani Enock aliinama sikioni mwa mwenzake. "Sostenes, kila tukileta kinazuka kingine. Hii si ndiyo ile yako ya taa na neti?"

"Enock, hii ni mila. Usifananishe mila na biashara."

"Mimi sijasema kitu."

Mbuzi wa mahari yenyewe walipotimia, na siku ya kumchukua bibi harusi ilipofika, Sostenes alivaa suti, akabeba doti za kanga za bibi yake Eliza. Moyo ulimdunda kwa furaha ya kweli, ile isiyo na hila ndani yake. Walikuta zizi tupu, kinyesi bado kibichi. Mlangoni alisimama mama mnene, na nyuma yake vijana wake watatu, ambao kazi yao ilionekana ni kubeba magunia.

"Shikamoo mama. Tumemkuta Mzee Mazengo?"

"Marahaba. Mazengo ndiye nani? Kama ni yule mpangaji wangu, amehama jana na mbuzi wake. Mimi ndiye mwenye nyumba, Martina."

"Na binti yake?"

"Binti gani? Yule ni mkewe."

Sostenes alishika kiti cha pikipiki. Ilimuuma, na haikuwa kwa ajili ya mbuzi.

"Twende polisi," Enock akanong'ona.

"Tukaseme nini?"

"Kwamba umetapeliwa mbuzi."

"Na wakiniuliza niliwapata wapi?"

Enock akaangalia njia ya kurudi.

"Sasa," Martina akasema, "kati yenu mkwe ni yupi? Wameniachia kodi ya nyumba ya msimu mzima. Wamesema atalipa mkwe."

Enock akapiga hatua mbili pembeni. "Mimi mshenga tu, mama."

Sostenes alikuwa na uongo tayari kinywani, mzuri, wa kumtoa hapo akiwa mzima. Lakini akauliza, "Nani alisema? Mzee au Eliza?"

"Mwanamke. Alisema atakuja kijana kavaa suti, ana moyo mzuri, hatakataa."

Hakuna aliyewahi kumwambia Sostenes kwamba ana moyo mzuri, hata mama yake mzazi. Aliijua sauti iliyosema maneno hayo; ndiyo iliyomwambia Mama Agripina kwamba mti umepata mshtuko. Aliijua kabisa. Akarekebisha tai yake.

"Ndiyo," akasema. "Mkwe ni mimi."

"Karibu, baba," Martina akamjibu kwa upole, akanyoosha mkono kupokea ufunguo wa pikipiki.