Banda la Kuku Kando ya Kisima cha Bi Biubwa

Kaole, Jumatatu, mwezi wa Mfunguo Tano, mwaka 1302 wa Hijra

Kwa Bwana wetu Liwali wa Bagamoyo, Mungu amzidishie umri. Isomwe mbele yake na mpwa wangu Hija, karani wake, kwa sauti ya kusikika, na asiruke maneno.

Ama baada ya kukuamkia na kukuuliza hali, Bwana, mimi ndiye Mwinshehe bin Majaliwa wa Kaole, na sidhani kama yuko mtu pwani hii asiyenijua, ila wageni na watoto wachanga. Safari ya bara haitoki Bagamoyo kabla sijaitupia jicho. Mwaka wa njaa niliwavusha wapagazi mia tatu mto wa Kingani kwa kuwapigia hadithi tu, hata mamba wakasahau kufumbua vinywa. Na jogoo ninayemfuga, akiwika hapa Kaole, Unguja watu huanza kutawadha. Sisemi haya kwa kujisifu. Kujisifu ni tabia mbaya, nami nimeishinda kuliko mtu yeyote.

Bwana, nimeonewa. Mkubwa wetu wa hapa, Jumbe Kibwana, ameamuru banda langu la kuku libomolewe kabla ya sala ya Ijumaa hii. Zimebaki siku nne. Likibomolewa, kuna nafsi itakosa pa kulala, na mvua za vuli ndizo hizi zimeanza. Kwa hiyo nimeshika kalamu. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa hesabu, karani asipotee njiani.

La kwanza. Wanasema sijui kuweka banda. Bwana, banda langu liko juu ya nguzo nne, siafu wasipande, na kila nguzo nimeizungushia majivu. Kuta ni fito na udongo, paa ni makuti mapya, urefu wake pima moja na nusu, mtu mzima akijinyoosha hagusi kotekote. Utitiri nimeufukuza kwa majivu na majani ya mwarobaini. Kuku wangu, koo sita na jogoo mmoja, wanakula machicha ya nazi na chenga za mchele, na makombe ya chaza niliyoyaponda kwa mkono wangu ili maganda ya mayai yawe magumu. Yakawa magumu. Yai moja liliangukia kinu, kinu kikapasuka. Vipande ninavyo, akitaka kuviona yeyote.

La pili. Jumbe anasema banda ningeliweka chini ya mkorosho wangu, nyuma ya nyumba, mbali na maji. Hayo ni maneno ya mtu asiyesoma. Mimi nimesoma mpaka juzuu ya nne, nikaacha kwa huruma, maana mwalimu alisema nikiendelea nitawaharibia wenzangu. Sisi watu wa pwani hatujengi nyumba kwa kupenda macho. Mwenye nyumba hutafutiwa nyota kwanza. Huchukuliwa jina lake na jina la mama yake, herufi zikafanywa hesabu, ikapunguzwa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndicho nyota. Nikaazima kitabu cha falaki kwa Mwalimu Abdala, nikakaa nacho siku tatu. Nikawaza: mwenye nyumba ni nani, kama si yule anayelala ndani? Na anayelala bandani ni kuku. Basi itafutwe nyota ya kuku.

Koo wangu mkubwa nilikwisha kumpa jina, Mwanvita, kwa ukali wake. Tabu ikawa jina la mama yake. Huyo aliliwa arusini Kiwangwa kabla hatujajuana. Lakini mayai yaliyowatoa kuku wangu wote yaliletwa na mama mkwe wangu, Bi Mwanabaraka, ndani ya pakacha, ameyapakata njia nzima kutoka Kiwangwa. Nikajiuliza: aliyeyapakata mayai siku nzima akayapa joto lake, huyo si mzazi? Nikatia jina la mama mkwe. Hesabu ikatoka sawasawa, nyota ya Kaa, nayo ni nyota ya maji. Kuku mwenye nyota ya maji ukimweka chini ya mkorosho atakauka kama ng'onda. Kisima cha karibu ni cha jirani yangu Bi Biubwa, mjane. Nikajenga hapo, hatua mbili kutoka kisimani, na ua wake wa makuti ulipokaa njiani nikausogeza kwa adabu.

Mwalimu Abdala alipoiona hesabu yangu alicheka barazani mbele za watu, kwa wivu wa elimu, na habari za mama mkwe zikafika masikioni mwa mke wangu Chausiku. Hayo ni mambo ya nyumbani, Bwana. Hayamo katika kesi.

La tatu. Bi Biubwa analalamika kwamba manyoya na uchafu wa kuku huingia kisimani. Alikuja na ndoo yake mpaka barazani, akaitua miguuni pangu, akasema, "Mwinshehe, mimi nateka maji, yakifika nyumbani ni mchuzi." Sikumjibu kwa ukali, nilimjibu kwa elimu. Maji mengi hayanajisiki ila yabadilike rangi, au harufu, au ladha. Rangi haikubadilika sana. Harufu inategemea upepo. Ladha siwezi kuishuhudia, kwa kuwa mimi nakunywa maji ya kwangu. Basi sheria iko upande wangu mara mbili na nusu.

La nne nimelisahau, lakini lilikuwa zito kuliko haya yote. Naomba lihesabiwe.

La tano. Kenge. Katika mikoko ya Mbegani yumo kenge mmoja mrefu kama mtumbwi, naye amelijua banda langu. Nilipambana naye ana kwa ana tangu alasiri hata magharibi. Nilimshika mkia akaniburuta mpaka ufukweni, nikamburuta kurudi, akaniburuta tena, hata tukachoka sote wawili tukaachana kwa heshima. Bi Biubwa anasema alikuwa nguchiro, tena mdogo, na kwamba nilikuwa juu ya banda. Bwana ataona mwenyewe jinsi mjane huyu anavyopunguza kila kitu.

La sita, na hili ndilo lililozaa hukumu. Ijumaa iliyopita Bi Biubwa alinishitaki kwa Jumbe Kibwana. Hakusema tena habari za maji. Alisema banda langu linakohoa. Akasema hupiga miayo na kuvuta uradi, na kwamba siku moja alfajiri, alipokuwa akikoka moto, banda lilimwomba kaa la moto.

Jumbe akamwuliza, "Lilikuombaje?"

"Kwa adabu," akasema. "Limeniita Bi Biubwa."

Wazee wakainamisha vichwa, mabega yakawa yanatikisika. Nikasimama nikaeleza kwamba nyota ya maji huvuta majini, na jini akikaa karibu na kisima kwenye unyevu lazima apate kifua. Limo kitabuni, katika ukurasa ambao sikuufikia. Jumbe akasema, "Mwinshehe, kuku nyota yake ni chungu. Libomoe kabla ya Ijumaa, ukalale salama." Kisha akaagiza kahawa, kama kwamba neno limekwisha.

Halijaisha, Bwana. Ninachoomba ni kidogo. Hukumu ya Jumbe ifutwe. Bi Biubwa ahamie Kiwangwa, kwenye hewa nzuri na mihogo mingi. Kisima anaweza kukiacha, mimi nitakitunza. Banda liandikwe wakfu, lisibomolewe wala kurithiwa mpaka Kiyama. Juu yake ipandishwe bendera nyekundu ya Seyyid wa Unguja, kama pale forodhani, apate kujua kila apitaye kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Waletwe askari wawili wa Kibulushi, mmoja wa kenge, mmoja wa Bi Biubwa. Na upepo wa kusi utakapoanza, itolewe amri usipite baina ya banda na jiko la mjane huyo. Sijui amri hiyo huandikwa kwa nani, lakini kwako wewe, Bwana, haitashindikana.

Na kama haya yote ni mazito, basi nipatiwe fundi wa makuti mmoja tu, kwa siku moja. Paa linavuja upande wa kichwani.

Nisalimie watu wote wa nyumbani kwako, wakubwa kwa wadogo, na wanaokaa barazani kwako, na askari wa mlangoni aliyenizuia mwaka jana kwa kutonijua, na punda wako mweupe. Hapa Kaole wanakusalimu wote, hata Jumbe, ingawa hajui kama anakusalimu.

Mimi mtumishi wako, tegemeo la mji huu,
Mwinshehe bin Majaliwa

Na haya ya pembeni mwa karatasi, Hija mpwa wangu, ni yako peke yako. Ukifika hapa funga mdomo, ukunje karatasi. Bandani hamna kuku. Walihama siku ya pili, wote saba pamoja na jogoo, wakapanda mlimau wa Bi Biubwa, naye anawapa chenga na wanamtagia jikoni. Anayelala mle ni mimi mjomba wako, leo siku ya kumi na moja. Chausiku alinifungulia mlango akaniambia taratibu, bila kupandisha sauti, "Kama kuku ni watoto wa mama yangu, nenda ukakae na shemeji zako." Kaa la moto Bi Biubwa alinipa, na uji hunipa, na juzi ameniambia wazi kwamba mashitaka yale ni shauri lake na Jumbe, ili nikose pa kulala nirudi kwangu. Barua hii msomee Liwali au usimsomee, kama utakavyoona. Lakini mwambie mama yako, dada yangu, aje Kaole kabla ya Ijumaa, aniombee radhi kwa mke wangu. Mwenyewe nimekwenda mara tatu nikaishia kizingitini. Liwali naweza kumwandikia, mwanangu; Chausiku namwogopa.