Malalamiko Dhidi ya Mgonjwa wa Meza ya Nne

Kwa Mwalimu Msimamizi wa Mitihani ya Vitendo,
Idara ya Famasia.

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba koti lako limeshatakata.

Mimi ni yule mwanafunzi namba kumi na saba, mwenye koti jeupe linalofika magotini. Juzi ulibandika majina ya wanaokwenda hospitali Jumatatu kuanza mafunzo kwa wagonjwa, na la kwangu halimo. Nimelitafuta kutoka juu kwenda chini, kisha kutoka chini kwenda juu, mpaka mlinzi wa getini akanihurumia akaniazima miwani yake. Halimo. Wenzangu wote thelathini na mmoja wamepita. Darasani nitabaki mimi na viti.

Kwa heshima zote, naomba matokeo yangu yaangaliwe upya kwa sababu hizi:

1. Kuhesabu. Meza ya kwanza nilitakiwa kuhesabu vidonge ishirini na kimoja kwa kijiko bapa, bila kuvigusa. Mara ya kwanza nilipata ishirini. Nikarudia, nikapata ishirini na viwili. Ukitafuta wastani, mwalimu, ni ishirini na kimoja kamili! Hesabu hiyo niliifanya kwa sauti, ukaisikia, na bado ukaniandikia sifuri. Kile kidonge kilichoonekana baadaye kwenye mkunjo wa mkono wa koti langu kinathibitisha kwamba sikuwa na nia ya kuiba, maana mwizi angekificha vizuri zaidi.

2. Dawa ya maji ya mtoto. Karatasi ilisema: weka maji yaliyochemshwa na kupoa hadi kwenye mstari, kisha tikisa. Nilifuata neno kwa neno. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba chupa ifungwe kwanza. Nakiri koti lako liliathirika, na ukuta, na dari kidogo, na kwamba chumba kinanukia ndizi hadi leo. Lakini hata maadui zangu hawawezi kukana kwamba nilitikisa.

3. Kengele ya kuhama meza. Inalia ghafla mno. Ya kwanza ilipolia nilidhani kuna moto, nikakimbilia nje. Nilikuwa peke yangu huko.

4. Mgonjwa. Hapa ndipo penye donda, mwalimu. Mgonjwa mwenyewe si mgonjwa! Ni mama wa usafi wa chuo chetu, ambaye kila asubuhi ananiuliza nimeamkaje, na siku hiyo alikaa kitini na bandeji mguuni akijifanya hajawahi kuniona. Alikuwa na cheti cha daktari cha amoksilini. Nikampa dawa yake, nikamwambia kutwa mara tatu, siku saba, amalize dozi hata akijisikia nafuu. Dakika mbili tu, kazi imekwisha. Nilikuwa nimepewa nane.

Sasa hizo sita nifanye nini? Yeye kimya, mimi kimya, wewe pembeni na kalamu yako. Nikaona si adabu kumkodolea macho mtu mzima, nikaanza kumsimulia habari za nyumbani. Kengele ilipolia, mama wa usafi alikuwa anajua kwamba mama yangu ana presha, ilimwanza lini, anameza vidonge gani na saa ngapi, na kwamba mayai humwasha. Mimi nilikuwa sijui kwamba yeye amoksilini ilishawahi kumvimbisha uso hadi akalazwa.

Ndipo akanionyesha karatasi yake: ukiulizwa jibu, usipoulizwa nyamaza. Jamani, huo si mtego? Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, lakini kwenye meza ya nne aliyeumbuka ni mimi. Walisema pia kuuliza si ujinga. Hawakusema ni lazima. Kisha akanishika bega na kuniambia, kwa maneno ambayo hayamo kwenye karatasi, "Lau ningekuwa mgonjwa wa kweli, basi mwanangu, sasa hivi ungekuwa unampa pole mume wangu." Sijalala vizuri tangu siku hiyo, ingawa hilo silalamikii.

5. Upendeleo. Yule binti wa kiti cha mbele alimuuliza mgonjwa huyo huyo maswali kumi na moja kabla hata ya kugusa kopo. Una mzio? Unanyonyesha? Unatumia dawa gani nyingine? Kwetu huo unaitwa umbea, na umbea umepewa alama tisini na sita.

6. Mama yangu mzazi. Koti hili amelishona mwenyewe, akaliacha refu ili nikue nalo, na mimi nina miaka ishirini na sita. Ameshawatangazia majirani wote kwamba kuanzia Jumatatu mwanawe atakuwa kwenye dirisha la dawa, na kwamba vidonge vyake vya presha atavipokea kwa mkono wangu tu, si kwa mwingine. Sina mdomo wa kumwambia. Nimemdanganya kwamba majina hayajatoka, na kila jioni ananipigia koti pasi. Naona aibu, mwalimu, aibu ya kweli.

Kwa hiyo naomba niruhusiwe kwenda na wenzangu, na meza ya nne ifutwe. Hilo likishindikana, basi wagonjwa ndio wapewe mtihani kabla ya kukutana na mimi, na watakaofeli wasiugue.

Nisalimie walimu wote, nisalimie mlinzi na miwani yake, na yule binti pia. Mama wa usafi mwambie namtakia mguu upone.

Ni mimi mwanafunzi wako, ninayenukia ndizi,
Namba Kumi na Saba

Nyongeza: Mama anakwenda kuchukua vidonge vyake Jumatatu hiyo hiyo, asubuhi. Nimesikia hospitali ina madirisha mawili ya dawa. Ukikubali ombi langu, tafadhali nijulishe mapema nitakaa dirisha lipi, ili nimwambie mama apange foleni kwenye lile jingine, kwa yule binti wa maswali.