Kabila la Maharagwe ya Mumbua

Asubuhi ya Jumatatu ilitangazwa rasmi, kwa kipaza sauti chenye betri hafifu, kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mmea wowote Gatina utakaoruhusiwa kutambaa, kujizungusha wala kuvuka ua bila idhini ya serikali. Mikutano ya hadhara ilikuwa imepigwa marufuku tangu kura zivuruge nchi, na Naibu wa Chifu Khamala, mtu mwangalifu kupindukia, aligundua kwamba marufuku hiyo ilikuwa na pengo. Haikusema lolote kuhusu mboga.

Pengo lenyewe lilikuwa limeota mlangoni kwa Mumbua.

Mumbua aliuza mitumba Soko la Toi hadi kibanda chake kikachomwa. Alipohamia Gatina na wanawe, aliokota mitungi minne ya mafuta ya kupikia, akaikata shingo, akaitoboa chini kwa msumari, akajaza udongo na samadi ya mbuzi, kisha akapanda yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe. "Hili ni shamba la kubeba," alisema. "Wakinifukuza tena, naenda nalo."

Maharagwe hayakuwa na habari kwamba nchi inawaka. Yalipanda kamba ya nguo, yakashika ua wa mabati wa mwenye ploti, Mzee Waithaka, yakavuka, yakazaa upande wa pili.

Khamala akafika na askari wawili. "Mama, hii mmea ni kabila gani?"

"Chifu, hiyo ni nzavi. Ni chakula tu."

"Nzavi. Kwa hivyo ni Mkamba."

Waithaka akachungulia juu ya mabati. "Nzavi gani? Hiyo ni njahi. Tangu nizaliwe ni njahi."

Khamala alitazama ua upande huu na upande ule. Mzizi Mkamba, maganda Mkikuyu, shina moja! "Na mnagombana?" aliuliza kwa matumaini.

"Tugombanie nini?" Waithaka akasema. "Za huku nachuma mimi, za huko anachuma yeye. Jioni tunapika sufuria moja."

"Mnagawana bila mpatanishi?"

Jambo hilo lilimuuma Khamala sana. Watu wazito walikuwa wamepanda ndege kutoka ng'ambo kuja kuwapatanisha Wakenya, na hawa wawili walikuwa wakigawana hivi hivi tu, kana kwamba ni kitu rahisi. Papo hapo akaunda Kamati ya Muda ya Kubainisha Kabila la Mimea Itambaayo, akaamuru mitungi yote minne ipelekwe ofisini kama ushahidi.

"Na watoto watakula nini?" Mumbua akauliza.

"Wawe na subira, mama. Serikali inachunguza."

Kamati haikuwahi kukaa. Mikutano ilikuwa marufuku, na Khamala, mtu wa sheria, alijinyima kibali yeye mwenyewe. Lakini ushahidi haufai kukauka. Hivyo mtu ambaye hajawahi kumchotea mkewe hata kikombe cha maji akawa anapiga foleni kwenye kioski cha maji kila asubuhi na ndoo mkononi. Mumbua alipokuja kudai mitungi yake, alimkuta akiimwagilia. "Usiimwagie hivyo, Chifu, utaozesha mizizi," alimwambia, kisha akarudi zake mikono mitupu.

Maharagwe yalinawiri. Yalipanda kabati, yakameza rafu, yakajisokota kwenye bawaba hadi mlango ukagoma kufunguka. Khamala akaanza kuingilia dirishani. Yalipotoa maua ya zambarau alijikuta akiyasalimia, "Niaje, vijana," na moyo wake ukalainika kwa namna ambayo kazi haikuwahi kumfanyia.

Ndipo mkubwa wa wilaya akaja kukagua jinsi amani inavyorudi. Alisimama nje, akaitazama ofisi ya kijani kuanzia kizingiti hadi paa. Khamala akachomoka dirishani kwa haraka, akajipangusa majani. Aliona kabisa cheo kikimjia.

"Nani amefanya hii kazi?" mkubwa akauliza.

Mumbua, aliyekuwa amekuja tena kudai mitungi, akafungua mdomo. Khamala akamtangulia. "Ni mimi, mheshimiwa! Mbegu zangu, mitungi yangu, jasho langu."

"Una hakika?"

"Naapa mbele ya wananchi."

"Vizuri sana. Tumepigiwa simu wiki nzima kwamba ofisi ya Gatina imevamiwa. Askari, mvamizi amekiri. Mtoeni hapa, yeye na mimea yake."

"Lakini mheshimiwa, mimi ndiye Naibu wa Chifu!"

"Naibu wa Chifu hutumia mlango. Wewe nimekuona ukitoka dirishani."

Kuyabandua maharagwe kuliwachukua askari hadi alasiri, kwa maana walipoyafungua huku yaliwashika kule. Mwishowe Khamala akajikuta barabarani na mitungi minne, kofia ya kazi imekwisha kuchukuliwa.

"Hiyo mitungi ni ya nani sasa?" Mumbua akamuuliza.

Khamala alitazama huku na huku. Askari walikuwa bado karibu. "Ni yako, mama. Ilikuwa yako tangu zamani."

"Basi nisaidie kubeba."

Akabeba miwili, akarudi akabeba miwili, vikonyo vikimtekenya masikio. "Pole pole, Chifu," Mumbua alimwonya, "usinivunjie maua."

Jioni, Mumbua na Waithaka walikaa uani wakichambua maganda. Khamala alisimama kidogo akingoja aletewe kiti. Hakuna aliyeinuka. Mwishowe akakaa chini, akavuta ungo, akaanza kuchambua.