Koti Waliloliheshimu Nyani

Jumanne, Julai 8

Baridi ya Malindi, hii yetu ya milima ya Lushoto, leo ingemgandisha mchungaji katikati ya mahubiri. Mimi, Fanueli, niko kazini. Mimi si fundi nguo! Naandika hapa ili wajukuu wajue. Fundi nguo anashona kitu kile kile mara arobaini. Mimi nachukua mitumba iliyokataliwa, mapazia, mashuka yaliyotoboka na majoho ya kwaya yaliyostaafu, natoa vazi moja. Moja tu duniani. Bahati mbaya dunia bado haijalinunua.

Habari kubwa: mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abubakari, ametangaza kwamba Jumamosi anakuja dada mmoja kutoka Arusha, anaitwa Loveness, mwenye duka la sanaa lenye kioo kuanzia chini mpaka juu. Anatafuta msanii wa nguo kuukuu. Mmoja! Atakayechaguliwa, kazi zake zitakaa nyuma ya kile kioo mwaka mzima. Mpinzani wangu ni Rahma wa ng'ambo ya barabara, anayeunganisha mabaki ya sare za shule na kuyaita makoti. Yanakaa vizuri mwilini, sikatai. Ndiyo kasoro yake.

Mke wangu Modesta amesema, bila kuinua macho kwenye maharage aliyokuwa akichambua, kwamba nisipochaguliwa anachukua cherehani yake. Ni yake kweli, kaka yake alimletea. Eti atashonea sare. Sare! Asiyekujua hakuthamini, hata kama mnalala kitanda kimoja.

Jumatano, Julai 9

Sina kitambaa. Mwenyekiti anasema dada Loveness anapenda nguo iliyoishi. Mitumba ya sokoni haijaishi, inanuka dawa tu. Nimezunguka tangu asubuhi. Kisha, kule juu mteremko unapokaribia msitu wa Shume, nikaliona. Koti la sufu. Limepigwa jua na mvua mpaka limepata rangi isiyo na jina. Na nani kalivaa? Sanamu ya kutishia nyani, shambani kwa Bibi Yusta! Miti miwili iliyofungwa kwa kamba, ndani ya koti kama lile. Nilikaribia kulia.

Bibi Yusta ni mjane na mdomo wake unajulikana mpaka Lushoto mjini. Kumwomba? Angeuliza la nini, ningemweleza sanaa, na giza lingetukuta pale pale. Nikaona nilikomboe kwanza, maelezo baadaye. Lakini mimi si mwizi. Mwizi huacha pengo. Mimi nilirudi nyumbani, nikachukua gauni kuukuu la Modesta, lile la maua, nikaivika sanamu. Imependeza kuliko mwanzo. Ukitazama vizuri, Bibi Yusta ndiye aliyefaidika.

Ijumaa, Julai 11

Limekamilika! Mikono ya pazia la zambarau. Bitana ya joho la kwaya. Kola ya blanketi. Mfuko wa kushoto nimeuacha nilivyoukuta, maana una kiraka cha uzi mwekundu kilichofumwa kama utando wa buibui. Kizuri mno. Nimeamua kwamba ni wazo langu. Ningelipata tu, kama ningekuwa na muda.

Modesta ameuliza gauni lake la maua liko wapi. Nikamwambia awaulize panya. Amenitazama kidogo, akaendelea kupepeta mchele.

Jioni kelele upande wa msituni. Wanasema nyani wameingia shamba la mtu. Pole yake, awe nani. Watu wengine hawajui kutunza mali zao.

Jumamosi, Julai 12

Loveness amefika na viatu visivyolijua tope letu. Watu wamejaa mbele ya ofisi ya kijiji. Rahma katundika makoti yake kwenye kamba, mtu akijaribu lolote linamkaa. Mimi nikavaa langu mwenyewe, nikageuka polepole. Kimya. Nikajua wameguswa.

Loveness akaipita mikono ya zambarau. Akaipita kola. Akasimama kwenye kiraka chekundu, akakigusa kwa kidole, akauliza nilikipataje. Nikamjibu kilinijia baada ya kufunga na kuomba siku mbili. Akatoa simu apige picha! Moyo wangu ulishafika Arusha na kutafuta chumba.

Hapo ndipo alipotokea Bibi Yusta. Hakuja kwa ajili ya sanaa. Alikuja kumshtaki Modesta kwa mwenyekiti, na mkononi alikuwa na gauni la maua lililochanwachanwa. Akaeleza mbele ya wote. Marehemu mumewe, Valentino, alikuwa na kombeo lisilokosa, na nyani wa msitu mzima walimjua kwa koti lake. Alipofariki, bibi akaivika sanamu koti lile. Miaka yote nyani wakiliona wanageuza njia. Sasa kuna mtu kalivua na kuweka gauni! Hata mtoto wa chekechea hapa anajua nyani hamwogopi mwanamke. Wamekuja na familia zao, wamekula mahindi mabichi chini ya lile gauni kama wageni wa mama mwenye nyumba.

Hilo la nyani na wanawake nalijua. Nimezaliwa hapa. Nilisahau tu, msanii hawezi kubeba kila kitu kichwani.

Modesta akasema gauni ni lake ila hajui lilifikaje huko. Watu wakaanza kunong'ona vibaya juu yake. Mimi nilinyamaza. Si woga! Niliona si adabu kuwakatiza wanawake wakizungumza.

Kisha Bibi Yusta akageuka, akaniona. Akaja taratibu, akatia mkono kwenye mfuko wangu wa kushoto. Alianza kwa Kishambaa, na akianza kwa Kishambaa hakuna wa kumtuliza. Halafu akarudia kwa Kiswahili ili mgeni naye asikie.

"Hapa palichomwa na kiko chake. Nilipaziba kwa uzi wa sweta langu, yeye akiwa amelivaa, maana alikataa kulivua. Wewe ulifunga siku mbili za nini?"

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Umati mzima ulisikia kwamba hakuitikia.

Jumapili, Julai 13

Wameamua baada ya ibada. Mzee Abubakari alisema maji yakimwagika hayazoleki, koti limeshakatwa, basi. Bibi Yusta akasema nyani wanataka mwanamume ndani ya koti, wapewe. Nitasimama shambani kwake nimelivaa, alfajiri mpaka magharibi, hadi mahindi yaliyobaki yavunwe.

Loveness amemchagua Rahma. Amesema kazi zake zinavalika. Tusi gani hilo!

Modesta ameitoa cherehani chumbani, ameiweka barazani, na ameshapata wazazi wa kushonea sare. Niliingia chumbani nikakuta alama za miguu yake minne sakafuni, cherehani yenyewe haipo. Niliumia. Sitaki kuandika zaidi juu ya hilo. Chakula cha shambani amenifungia kiazi kimoja.

Jumatano, Julai 16

Nyani wamekuja asubuhi. Dume lao kubwa lilitangulia, likaliona koti, likasita. Kisha likaiona mikono ya zambarau, likaketi. Wengine wakaketi nyuma yake. Wamenitazama kwa muda mrefu kuliko binadamu yeyote alivyowahi kuitazama kazi yangu. Baadaye wakaenda kula. Bibi Yusta akatoka na fimbo kuniuliza nimewekwa pale nipendeze au nirushe mawe. Nikarusha. Nimempiga mbuzi wa jirani.

Mchana wamepita watalii na kiongozi wao. Aliwaambia mimi ni sanamu ya kienyeji, wakanipiga picha. Sikupepesa jicho, nisije nikamharibia kijana riziki. Baada ya hapo nimefikiri sana. Rahma wanamwona kwa kioo. Mimi wananiona wazi.

Alhamisi, Julai 17

Kusimama huku juu kuna faida, unaona bonde zima. Ng'ambo, kwenye njegere za Amiri, kuna sanamu iliyovaa koti refu la mvua, la kijani, vifungo vya shaba. Jua limelifanyia kazi ambayo hakuna cherehani ingeweza. Loveness akiliona hilo, Rahma atarudi kwenye mabaki yake.

Kesho ni Ijumaa. Amiri atashuka msikitini, na Bibi Yusta husinzia mchana. Kumwomba Amiri? Atauliza la nini.

Na asiseme mtu kwamba sijifunzi. Kosa lilikuwa gauni. Lilikuwa la kila siku, halina hadhi, ndiyo maana nyani walilidharau. Safari hii naacha kitu cha maana. Modesta ana gauni lake la harusi chini kabisa ya sanduku, jeupe, halijavaliwa tangu siku ile. Litaonekana bonde zima.